Kilo Zinazopotea Kiwandani Huenda Wapi?

Mwisho wa mwezi, mwenye kiwanda kidogo cha chakula hapa Nairobi huketi na vitabu viwili. Kimoja kina risiti za mazao aliyonunua, kingine kina hesabu za bidhaa alizouza. Akilinganisha hivi viwili hukuta pengo, na swali humkaa kooni: kilo hizi zimekwenda wapi? Jibu la kwanza linalomjia ni kwamba kuna mkono wa mtu. Ndiyo maana jioni, kwenye malango ya viwanda kuanzia Lunga Lunga hadi Baba Dogo, wafanyakazi hupanga foleni wakapekuliwa mifuko kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Sisemi hakuna wizi. Ninasema kwamba katika kusindika mazao ya shamba, kilo nyingi hutoka kwa njia ambazo askari wa langoni hawezi kuzipekua. Nyingine hupaa kama mvuke. Nyingine huenda na maji machafu, au hubaki kwenye maganda, au huingia ndani ya pakiti ya mteja bila kulipiwa. Data za uzalishaji, yaani namba za kila siku za kilichoingia, kilichotoka, saa zilizotumika na stima iliyoliwa, ndizo zinazoweza kuonyesha ni njia ipi. Lakini namba hizo zikisomwa vibaya huumiza watu. Nalijua hilo kwa sababu nilishiriki.

Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kidogo cha kaukau, yaani vipande vyembamba vya viazi vilivyokaangwa vikakauka, upande wa mashariki wa jiji. Tulikuwa tukipokea tani moja ya viazi kwa siku, na kwa kawaida tulitoa kaukau kama kilo 275. Wiki moja zikashuka hadi 230 na kitu. Siku ya kwanza tukasema mizani imekosea, siku ya pili tukanyamaza, siku ya tatu akina mama wawili waliokuwa wakifunga pakiti wakaambiwa wasirudi kesho yake. Hakuna aliyewakuta na chochote. Namba zilizotumika kuwafukuza niliziandika mimi kwa mkono wangu, na zilikuwa namba sahihi. Tulichokosa ni kujua zilikuwa zikisema nini.

Maji hayaandikwi kwenye risiti

Kiazi kibichi ni maji kwa sehemu kubwa. Katika kilo 100 za viazi vizuri vya kaukau, maji ni kama kilo 80, na 20 zinazobaki ndizo wanga na vitu vingine vikavu. Mnunuzi hulipia zote 100, ila kaukau hutengenezwa kwa zile 20. Kukaanga ni kazi ya kufukuza maji na kuruhusu mafuta yakae mahali pake, na kaukau iliyoiva sawasawa hubaki na maji asilimia 2 hivi na mafuta karibu theluthi moja ya uzito wake.

Tupige hesabu ya tani moja. Tuseme kumenya na kutoa sehemu mbovu kunaondoa kilo 120, zinabaki 880. Sehemu kavu ikiwa asilimia 20, hizo ni kilo 176. Kila kilo moja ya kaukau ikiwa na gramu 640 za kiazi kikavu, gramu 340 za mafuta na gramu 20 za maji, basi kilo 176 zitatoa kaukau kilo 275. Sasa badilisha kitu kimoja tu: viazi viwe na sehemu kavu asilimia 17 badala ya 20. Vilivyomenywa ni kilo zile zile 880, lakini ndani yake ukavu umekuwa kilo 150 tu, na kaukau zitakazotoka ni kilo 234.

Pengo ni kilo 41 kwa siku. Mashine ni zile zile, watu ni wale wale, na hakuna aliyefungua mfuko wake.

Hiyo asilimia 17 huja kwa sababu ambazo mkulima yeyote wa Kinangop au Molo atakueleza. Bei inapopanda sokoni viazi huchimbwa kabla ya kukomaa. Mvua ikinyesha sana karibu na mavuno, au shamba likipewa naitrojeni kupita kiasi, kiazi hujaa maji. Aina nayo ina neno lake. Shangi, ambacho ndicho kimejaa soko la Marikiti, hukomaa haraka na huiva haraka jikoni, ila hakivumilii ghala: huchipua baada ya wiki chache, na kiazi kinachochipua huanza kuula wanga wake. Ukikimbilia kukihifadhi kwenye baridi kali, chini ya nyuzi 8 hivi, wanga hugeuka sukari na kaukau hutoka nyeusi. Ndiyo sababu wenye viwanda wengi wa zamani huulizia aina iitwayo Dutch Robijn, ingawa kukipata ni kazi.

Kuna mtego mwingine ndani ya hesabu hii, na huu ulinichukua muda mrefu kuuona. Kiazi chenye maji mengi hunywa mafuta zaidi, kwa kuwa mafuta huingia katika nafasi yalipotoka maji. Tuseme wiki hiyo mbaya mafuta ndani ya kaukau yalipanda kutoka asilimia 34 hadi 38. Kilo 150 za ukavu sasa hazitoi tena kaukau 234, zinatoa karibu 249. Mwenye kiwanda anatazama 249 na kupumua, akidhani hasara imepungua. Kumbe kila kilo 100 za kaukau zimebeba kilo 4 zaidi za mafuta ya kupikia, ambayo bei ya kilo yake haikaribiani kabisa na ya kiazi. Kipimo kimoja, kile cha kilo zinazotoka kwa kilo zinazoingia, kimepanda huku biashara ikizidi kuumia.

Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Wahandisi hutumia kitu wanachokiita mlingano wa uzito: kila kilo iliyoingia mlangoni lazima ionekane ikitoka mahali fulani. Viazi na mafuta vimeingia. Kaukau, maganda, vipande vilivyoungua, wanga uliooshwa na mvuke vimetoka. Pande mbili hizo zikikaribiana, unajua nyumba yako. Zisipokaribiana, hapo ndipo unapoanza kuuliza, na hata hapo unauliza mizani kwanza.

Ukishaelewa maji, utayaona kila mahali. Gunia la mahindi hapa kwetu ni kilo 90. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Msagishaji akinunua gunia lenye unyevu wa asilimia 16 na kulikausha hadi 13, ukavu wake wa kilo 75.6 haubadiliki, lakini gunia sasa lina uzito wa kilo 86.9. Kilo 3.1 zimepaa. Kwa magunia 200 hizo ni kilo 620, karibu magunia 7, zimeondoka bila mtu kuzibeba. Na kukausha si jambo la hiari, maana mahindi mabichi huotesha kuvu wanaotoa aflatoksini, sumu ambayo kiwango hicho hicho kinaizuia isizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Hasara ya kweli hapa ilitokea siku ya kununua, pale maji yalipolipiwa bei ya mahindi.

Maziwa yana fumbo lake dogo. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Kama wafugaji wanalipwa kwa kilo na tangi la kiwanda linasomwa kwa lita, kila kilo 1,030 zilizolipiwa zitaonekana kama 1,000, na karani atakesha akitafuta asilimia 3 ambayo haijawahi kupotea. Chagua kipimo kimoja, andika hicho, basi.

Namba huyumba, na si kila kuyumba ni habari

Tuseme sasa kiwanda kinapima vizuri. Jumatatu kaukau ni kilo 277, Jumanne 268, Jumatano 281. Meneja anamfokea msimamizi wa zamu Jumanne, anampongeza Jumatano, na hakuna hata mmoja wao aliyefanya chochote tofauti. Hii ndiyo hali ninayoikuta mara nyingi zaidi kuliko nyingine zote, na inachosha watu.

Dawa yake ina umri wa miaka 100 na zaidi. Mnamo Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric ya Marekani, alimwandikia mkubwa wake waraka mfupi wenye mchoro wa kile kilichokuja kuitwa chati ya udhibiti. Wazo lake ni hili: kila kazi ina kuyumba kwake kwa kawaida, kunakotokana na mambo madogo mengi yasiyo na jina. Nje ya mipaka ya kuyumba huko, kuna sababu moja yenye jina, na hiyo ndiyo ya kutafuta.

Mipaka hiyo haihitaji kompyuta. Chukua siku 20 za kawaida, tafuta wastani wake. Kisha andika tofauti kati ya kila siku na siku iliyofuata, bila kujali kama imepanda au imeshuka, na utafute wastani wa tofauti hizo. Zidisha kwa 2.66. Kama wastani wa kaukau ni kilo 275 na tofauti ya siku kwa siku ni kilo 5, basi 5 mara 2.66 ni 13.3, na mipaka yako ni kama 262 na 288. Jumanne yenye kilo 268 iko ndani kabisa. Mwache msimamizi afanye kazi yake. Siku yenye 234 iko nje mbali, simamisha kila kitu uulize kilichobadilika. Ipo kanuni nyingine muhimu: siku 8 mfululizo zikiwa upande mmoja wa wastani, hata kama zote ziko ndani ya mipaka, kuna kitu kimehama. Mara nyingi ni kisu cha mashine ya kukata kilichoanza kubutika.

Kama tungekuwa na chati hiyo ukutani wiki ile, tungeuliza swali sahihi siku ya kwanza: ni nini kimebadilika tangu jana? Jibu lilikuwa kwenye risiti. Lori lilitoka kwa muuzaji mpya.

Wazo hilo hilo ndilo linalookoa pesa kwenye kufungasha unga. Robota la unga lina pakiti 12 za kilo 2. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, haimvumilii anayemuuzia mteja pungufu, kwa hiyo mwenye mashine huielekeza juu kidogo kwa usalama, tuseme gramu 2,030. Gramu 30 zinaonekana si kitu. Katika robota moja ni gramu 360. Katika marobota 1,000 ni kilo 360, yaani marobota 15 mazima yaliyotolewa bure. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kushusha mashine hadi 2,010, kisha pakiti nyingine zinatoka na 1,990 na wanajiletea balaa. Kinachotakiwa kupunguzwa kwanza ni kule kuyumba. Pima pakiti 5 kila nusu saa, ziandike, uone mashine inacheza kiasi gani. Safisha mdomo wa kujazia, rekebisha mtikisiko wa mashine, hakikisha unga kwenye tangi la juu haushuki hadi chini kabla ya kujazwa tena. Mashine iliyokuwa ikicheza gramu 25 huku na huku ikitulia kwenye 10, hapo una haki ya kuishusha hadi 2,012, na mteja bado anapata kilo zake 2 kamili.

Nataka kusema neno kuhusu majaribio pia, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganyika kwa nia njema. Mtu anabadilisha mafuta ya kukaangia, anapima siku 3, anaona kilo zimepanda kidogo, anaagiza mapipa 10. Siku 3 ni sampuli ndogo mno. Tatizo hili la sampuli ndogo lilitatuliwa na mtu wa usindikaji wa mazao hasa. William Sealy Gosset alikuwa mkemia aliyeajiriwa mwaka 1899 na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Alikuwa akihangaika na shayiri, na kila mara vipimo alivyokuwa navyo vilikuwa vichache. Mwaka 1908 alichapisha njia ya kujua kama tofauti kati ya vipimo vichache ni ya kweli au ni bahati, na kwa kuwa kampuni haikuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao, alijiita Student. Jaribio ambalo wanafunzi wa takwimu duniani kote hufundishwa leo kwa jina hilo lilizaliwa kutokana na maghala ya nafaka. Kwa kiwanda chetu maana yake ni rahisi: badilisha kitu kimoja kwa wakati, pokezanya mafuta ya zamani na mapya siku kwa siku kwenye viazi vya mzigo mmoja, na upe jaribio wiki kadhaa kabla ya kuamua.

Mashine na stima

Kuhusu mashine, kipimo kinachotajwa sana ni ufanisi wa jumla wa mashine, kilichoenezwa na Mjapani Seiichi Nakajima. Huzidisha mambo matatu: sehemu ya muda ambao mashine ilikuwa ikienda, kasi yake ikilinganishwa na kasi inayotakiwa, na sehemu ya bidhaa zilizotoka nzuri. Zamu yenye dakika 420 za kazi ikasimama 84, ni asilimia 80. Mashine ya pakiti 20 kwa dakika ikaenda kwa 16, ni 80 tena. Pakiti 95 kati ya 100 zikiwa nzuri, ukizidisha zote tatu unapata asilimia 61. Kila kimoja peke yake kilionekana cha kuridhisha, lakini kwa pamoja karibu pakiti 4 katika kila 10 ambazo ungeweza kupata hazikupatikana.

Utasikia kwamba viwanda bora hufikia asilimia 85. Kwa maoni yangu usiifukuze hiyo. Ilitoka katika mazingira ya vipande vya chuma vinavyofanana, na kiazi hakifanani na mwenzake. Tena kipimo hiki hakioni malighafi hata kidogo: mashine inaweza kuwa na ufanisi wa juu sana huku ikigeuza viazi vya maji kuwa kaukau zilizolewa mafuta. Thamani yake iko kwenye lile jambo la kwanza, muda wa kwenda, na hasa sababu za kusimama. Ziandike kwa dakika: stima kupotea, karatasi ya pakiti kukatika, kungoja viazi kutoka mezani kwa wamenyaji, kusafisha. Baada ya mwezi, jumlisha. Mara nyingi sababu mbili tu hubeba dakika nyingi zaidi, na mara nyingi mojawapo ni kungoja, jambo ambalo halihitaji fundi wala spea.

Stima ina somo lake. Wenye viwanda hupenda kugawanya yuniti kwa tani. Wiki yenye tani 20 ikatumia yuniti 4,000, ni 200 kwa tani. Wiki yenye tani 10 ikatumia 3,000, ni 300 kwa tani. Inaonekana wiki ya pili watu walizembea. Zitazame namba tena: tani zimepishana kwa 10 na yuniti kwa 1,000, kwa hiyo kila tani inataka yuniti 100. Ukitoa hizo, wiki zote mbili zinabaki na yuniti 2,000 ambazo zingelika hata kama hakuna kiazi hata kimoja kilichokaangwa. Hizo ndizo za kufuatilia. Ni chumba cha baridi chenye mlango usioziba, kompresa inayovujisha hewa usiku kucha, taa za ghala. Wiki mbili hazitoshi kuthibitisha. Weka nukta za wiki 15 au 20 kwenye karatasi ya miraba, tani chini na yuniti pembeni, chora mstari unaopita katikati yake, na pale mstari unapokata ukuta wa kushoto ndipo ilipo stima isiyotengeneza kitu. Njia bora ya kuhakikisha ni kwenda kiwandani Jumapili, mashine zimezimwa, uitazame mita.

Kwa wateja wakubwa wa Kenya Power kuna mambo mengine mawili kwenye bili ambayo wengi hawayasomi: malipo ya kilele cha matumizi, na adhabu pale kigezo cha nguvu (power factor, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi) kinaposhuka chini ya 0.9. Bili ya kila mwezi tayari ni data, na umeshailipia.

Daftari na wanaoliandika

Watu huniuliza wanunue mfumo gani. Ninawaambia wanunue mizani ya pili. Kiwanda chenye mizani mlangoni na mizani ya bidhaa kina pengo moja kubwa lisilo na anwani. Weka mizani baada ya kumenya, na pengo limegawanyika mara mbili: sasa unajua ni kilo ngapi zilikwenda na maganda na ngapi zilikwenda kwenye karai. Daftari la mistari, kalamu iliyofungwa kwa kamba, na picha ya ukurasa inayotumwa kila jioni kwa WhatsApp kwa anayejaza Excel, hivyo vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Vihisi na skrini vije baadaye, vikute tabia ya kupima imeshaota mizizi.

Kila ukurasa uwe na namba ya mzigo: tarehe, muuzaji, eneo, aina ya kiazi. Bila namba hiyo, vipimo vyote vya ndani havina mama wala baba, na hutaweza kurudi nyuma kujua kaukau nyeusi za Alhamisi zilitoka lori gani. Na kilo ziwe kilo. Gunia la lumbesa, debe na gorogoro vina kazi yake sokoni, lakini havina nafasi kwenye daftari la kiwanda. Ukiandika majina ya wakulima, simu na namba za vitambulisho, kumbuka hizo ni taarifa zao binafsi, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Usiziache wazi kwenye meza ya lango.

Jinsi ya kujua kama daftari linasema kweli? Tazama tarakimu za mwisho. Mizani ikisoma kilo moja moja, katika vipimo 100 utarajie takriban 20 vinavyoishia na 0 au 5. Ukikuta 70, mtu anakadiria, huenda kwa sababu mizani iko mbali, au foleni ni ndefu, au hakuna aliyewahi kumweleza namba hizo zinakwenda wapi. Sogeza mizani kabla ya kumlaumu.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Daftari linaandikwa na watu, na watu wakiogopa, daftari nalo huficha. Msimamizi akifokewa kila mashine inaposimama, baada ya wiki mbili mashine haisimami tena kwenye karatasi, ingawa sakafuni bado inasimama. Mmenyaji akikatwa mshahara kwa uzito wa maganda, maganda yatapungua kwa kutupwa chooni. Chati ikae ukutani, kwa Kiswahili, mahali ambapo anayekaanga anaweza kuiona akiwa kazini, na awe na ruhusa ya kuandika pembeni yake. Mkaangaji mzoefu hujua kiazi cha maji kwa kusikia jinsi mafuta yanavyochemka kwa kelele na kwa muda mrefu. Hiyo nayo ni data, tena ya mapema kuliko mizani yangu. Wiki ile mkaangaji wetu alikuwa amesema viazi havikauki. Hakukuwa na safu ya kuandika maneno yake.

Kipimo ambacho kingetuokoa hakina gharama. Chagua viazi vya kilo 5 kutoka sehemu mbalimbali za lori, vioshe, vitie kwenye wavu, vipime kwa mizani ya kuning'iniza. Kisha vizamishe vyote ndani ya pipa la maji, bado vikining'inia bila kugusa kando wala chini, usome tena. Uzito wa hewani ugawanywe kwa tofauti ya vipimo viwili. Vikiwa na gramu 370 majini, ni 5 kwa 4.63, yaani 1.080, na hivyo ni viazi vyenye sehemu kavu ya asilimia 20 hivi. Vikiwa na gramu 300 tu majini, ni 1.064, na ukavu wake ni karibu 17. Mizani iwe ya kusoma gramu, kwa sababu tofauti yote iko kwenye gramu 70.

Huchukua dakika 10, muda ule ule ambao utingo anafungua kamba za turubai. Tukikubaliana na muuzaji mapema, bei hupanda na kushuka kwa kipimo hicho, na wakulima kadhaa wameanza kuacha viazi ardhini wiki mbili zaidi kwa ajili hiyo. Risiti ninazoandika siku hizi zina safu moja ya ziada karibu na kilo. Kipimo kikiwa chini ya 1.070, naandika kwa wino mwekundu kaukau zitakazopungua jioni, na nakala ya karatasi hiyo humfikia askari wa langoni kabla zamu haijatoka.